Shajara ya Gari Lililoitwa Kiwandani

Jumatatu

Mdogo wangu aliyeko Houston, Marekani, ametuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia. Gari lake la mwaka 2003 limeitwa na kiwanda lirekebishwe kasoro, likabadilishwa mfuko wa hewa wa upande wa dereva, bila yeye kutoa hata senti. Anasema barua zilikuja nyingi mpaka akazizoea, simu zikafuata, na mwisho mtu alitumwa kuja kugonga mlango. Kamalizia kwa kuniuliza: "Dada, na lako la huko Temeke, limeshaangaliwa?"

Langu lilitengenezwa Japani mwaka 2005, likashuka bandari ya Dar es Salaam mwaka 2014, na mimi nimelinunua kwa mtu ambaye naye aliuziwa na mtu. Hakuna barua iliyowahi kunifikia. Nimepekua kimfuko cha karatasi za gari nikakuta risiti za bima za zamani na stika ya Nenda kwa Usalama iliyokauka gundi kabla haijabandikwa.

Nimemjibu kwamba kesho naanza kufuatilia. Ujumbe haukwenda. Bando lilikuwa limeisha.

Jumanne

Kadi ya gari imekunjwa mahali pamoja kwa miaka yote hii, na mkunjo umepita juu ya namba ya chesesi. Tarakimu ya tatu kutoka mwisho inaweza kuwa 3, inaweza kuwa 8. Kwa shughuli hii tarakimu moja ikikosewa unaulizia gari la mtu mwingine kabisa. Nimefungua boneti.

Kwa gari la aina yangu namba imechongwa kwenye bati la nyuma ya injini, chini ya kioo cha mbele. Bati lilikuwa limevaa tabaka la vumbi lililoshikana na mafuta. Nimechukua mswaki wa zamani na mafuta ya taa kidogo nikaanza kusugua, mwanangu wa darasa la tano akanishikia tochi ya simu. Simu ikamponyoka, ikadondokea pembeni ya betri, ikakaa huko ikimulika kwa chini. Mwanga wa juu ulikuwa unapita tu bila kuonyesha kitu, lakini huu wa ubavuni uliingia kwenye michoro na kila tarakimu ikasimama. Ni 8. Nimeiandika kwenye daftari, kisha tukaitoa simu kwa mwiko wa ugali.

Usiku nimeingia kwenye ukurasa wa NHTSA, idara ya Marekani inayosimamia usalama wa magari, alikoangalia mdogo wangu. Unadai herufi na tarakimu 17. Yangu haifiki hapo. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayana ile namba ndefu ya kimataifa. Yana namba fupi yenye kistari katikati. Simama barabara yoyote ya Dar es Salaam uhesabu mitumba ya Japani inayopita, ndipo utaelewa ni magari mangapi ambayo ukurasa ule hauyajui. Nimejaribu kuongeza sifuri mbele. Umekataa.

Jumatano

Nimepita gereji kabla ya kwenda kazini. Fundi amesikiliza, akafungua mlango wa dereva, akaniita niangalie nguzo ya mlango, karibu na pale kitasa kinapokamatia. Pana stika ndogo yenye neno "No." na tarakimu nne. "Hili lilishafanyiwa huko huko Japani, dada. Ukiona hii, tulia."

Kuhusu stika yuko sahihi. Gari likirekebishwa Japani kwa wito wa kiwanda hubandikwa alama hiyo mahali hapo, na namba iliyoandikwa ni namba ya wito wenyewe. Ila gari moja linaweza kuitwa mara kadhaa kwa mambo tofauti. Nimemuuliza hii ni ya wito upi. Hajui. Nimepiga picha. Ya kwanza imetoka kidole chake, ya pili imetoka sawa.

Nimechelewa kazini, kwenye duka la dawa. Mteja wa kwanza alikuwa ameshaondoka kwenda duka la jirani.

Alhamisi

Leo nimepata jibu.

Kiwanda kilichounda gari langu kina ukurasa wa Kijapani wa kuulizia wito. Una visanduku viwili: cha kwanza kwa herufi na tarakimu za kabla ya kistari, cha pili kwa za baada yake. Nimetumia programu ya kutafsiri ya simu. Mara ya kwanza niliweka kistari ndani ya kisanduku, ukagoma. Nilipokiondoa umeme ukakatika mtaa mzima, intaneti ya nyumbani ikaondoka nao. Nimenunua bando la usiku, nikarudia kwa mwanga wa mshumaa.

Imetokea mistari miwili. Wa kwanza: swichi ya vioo vya madirisha, imerekebishwa. Namba yake ndiyo ile ya kwenye stika. Wa pili: inflata ya mfuko wa hewa wa abiria wa mbele, haijarekebishwa.

Kwa hiyo stika ni ya vioo.

Nimekaa na jambo hili mpaka mshumaa ukaisha, na naliandika hapa kama nilivyolielewa. Inflata ni kopo dogo la chuma lililofichwa ndani ya dashibodi. Ndani yake mna vidonge vya kemikali. Gari likigonga, umeme kidogo unaviwasha, vinageuka gesi, na mfuko unajaa kabla hujapepesa jicho. Kampuni ya Takata ya Japani iliwatengenezea inflata watengenezaji wengi wakubwa wa magari duniani, na ilitumia nitrati ya amonia. Joto na unyevu vikiiingia kemikali hiyo miaka na miaka, vidonge vinaharibika na kuungua kwa kasi kupita kiasi. Kopo linashindwa kuhimili shinikizo, linapasuka, na vipande vya chuma vinapenya kitambaa cha mfuko na kumfikia mtu shingoni, usoni, kifuani. Ajali yenyewe inaweza kuwa ya kugusana bampa tu, ile ambayo watu hushuka, wakagombana kidogo na kuondoka.

Marekani peke yake mifuko iliyoitwa ni kama milioni 67, na dunia nzima ni kama milioni 100. Honda ndiyo iliyoanza kuita magari machache huko mwaka 2008. Mwaka uliofuata, Oklahoma, msichana wa miaka 18 alikufa baada ya ajali ndogo kwenye eneo la kuegesha magari. Tangu hapo vifo vilivyothibitishwa Marekani vimezidi 25 na majeruhi wamefika mamia. Mwaka 2017 Takata ilikiri mahakamani kosa la udanganyifu, kwa sababu matokeo ya vipimo yalikuwa yamechezewa, ikakubali kulipa dola bilioni moja, na mwezi Juni mwaka huohuo ikaomba kinga ya mufilisi.

Kuna jambo moja nataka kila mwenye gari alijue. Taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi haiwaki kwa tatizo hili. Taa inapima nyaya na umeme, haipimi hali ya vidonge. Ya kwangu inawaka nikiwasha gari, inazima baada ya sekunde chache kama inavyotakiwa, na vidonge viko vilevile.

Ijumaa

Leo ni siku ya kliniki ya Mama, Muhimbili. Tangu nimeanza kuendesha, Mama hukaa mbele. Magoti yanamsumbua na mbele ana pa kunyoosha miguu. Nimemfungulia mlango wa nyuma.

"Nimekukosea nini, mwanangu?"

Nimemweleza pale pale kwenye jua, mlango ukiwa wazi. Kopo, vidonge, joto. Amesikiliza hadi mwisho, akauliza: "Na wewe hapo kwenye usukani?" Nimemwambia ukurasa umetaja upande wa abiria tu. "Basi aliyelitengeneza alikuwa na ugomvi na wageni." Akapanda nyuma. Nimesogeza kiti cha mbele mpaka mwisho ili apate nafasi. Kimekwama huko na hakirudi.

Tuko njiani, bajaji imepita kushoto ikang'oa kava la kioo cha pembeni. Dereva kasimama akaomba radhi vizuri, akatafuta kava mtaroni. Limepatikana, limepasuka kona. Nimemshukuru. Mawazo yangu yalikuwa kwenye ule mguso wenyewe, gari kwa gari, na kiti cha mbele kikiwa kitupu.

Jumamosi

Fundi ana suluhu mbili, na zote mbili zinafanyika kila siku jijini, ndiyo maana naziandika.

Ya kwanza ni kuiua eabegi, yaani mfuko wa hewa na kopo lake. Unaitoa, unaweka rezista kwenye soketi, taa ya dashibodi inadhani kila kitu kipo na inazima. Elfu chache na nusu saa. Gari linauzwa kesho na mnunuzi anaona dashibodi nzima, taa iliyozima, hajui kwamba nyuma ya plastiki hamna kitu. Nimemwambia hapana. Kiti kitupu nakijua kwamba ni kitupu; eabegi ya uongo itamdanganya mtu ambaye sitakuwepo kumwonya.

Ya pili ni kununua nyingine kule Ilala kwenye spea za magari yaliyokatwa. Ana jamaa yake. Kampigia simu, jamaa katuma picha ya eabegi safi kabisa ya gari kama langu. Nimemuuliza ni ya mwaka gani. Ni 2004. Imetoka kwenye gari la umri uleule, na inawezekana kabisa ina kopo lilelile, tena tofauti na yangu haina namba ya chesesi ya kuulizia. Usafi wa plastiki ya nje hauelezi kilichomo.

Wakati nazungumza kwa simu, fundi alishafungua betri ili achungulie soketi, na alikuwa ameshika kipima umeme anataka kukigusisha kwenye waya wa njano. Nimemwomba aache. Nyaya za njano ni za mfumo wa mfuko wa hewa, na kipima umeme cha kawaida hupitisha umeme wake mdogo, na kinachosubiri upande wa pili ni kitu kinachowashwa na umeme mdogo. Ameweka kipima chini bila ubishi. Ni fundi mzuri, injini yangu ameishika miaka mingi. Hakuna mtu aliyewahi kumfundisha kitu hiki.

Betri iliporudishwa redio ikafunga. Kioo kinadai kadi ya ramani ya Japani. Kadi hiyo haikuja na gari.

Jumapili

Redio bado. Saa ya gari inasema ni saa sita usiku tarehe mosi Januari.

Nimetumia mchana kupanga karatasi. Katika zile za uagizaji kuna hati ya kufutwa usajili Japani, yenye tafsiri ya Kiingereza nyuma yake. Nilikuwa sijawahi kuisoma kwa makini. Kuna namba ya chesesi, imechapwa vizuri, haina mkunjo. Kuna mwaka na mwezi wa kusajiliwa mara ya kwanza.

Hati hii ndiyo iliyonifungua macho kuhusu barua. Kiwanda huita magari kwa kuwaandikia wenye magari waliosajiliwa. Gari likifutwa usajili Japani ili lisafirishwe, jina la mwenyewe linafutika na anwani inabaki huko. Kasoro inapanda meli pamoja na gari, na barua haina pa kupelekwa. Hapa gari limepata kadi mpya, pleti mpya, na mwenye jina jipya kila baada ya miaka michache, na katika kukabidhiana kote huko hakuna aliyewahi kuuliza swali la wito. Tunauliza kilomita, tunauliza kama limegongwa, tunauliza ulaji wa mafuta, tunagonga bodi kwa vidole kusikiliza puti.

Japani wenyewe, kuanzia mwaka 2018, gari lenye zile inflata hatari zaidi ambalo halijarekebishwa halipitishwi kwenye ukaguzi wao wa lazima. Nyuzilandi, ambayo kama sisi inaingiza mitumba mingi ya Japani, mwaka huohuo ilifanya marekebisho ya zile hatari kupita zote kuwa ya lazima kisheria. Australia ilifanya vivyo hivyo na kutoa muda hadi mwisho wa 2020. Langu lilishatoka Japani miaka minne kabla ya mlango huo kufungwa.

Jumatatu

Nimeomba ruhusa kazini nikaenda kwa wakala wa kiwanda hapa nchini.

Kijana wa mapokezi alikuwa na adabu. Kaangalia kadi, akasema: "Mama, gari hili hatukuuza sisi. Ni la mtumba." Nimemwambia najua, na sikuja kudai dhamana ya duka. Kiwanda ni kimoja, inflata ni yao, na wito upo kwa namba hii ya chesesi. Nikamwonyesha picha ya ukurasa wa Kijapani. Simu ikazima mkononi mwake, chaji imekwisha. Kaniazima chaja. Kichwa chake hakikuingia kwangu.

Nimekaa. Kwenye benchi alikuwepo mzee mwenye gari kubwa jipya, lililoletwa kwa huduma ya kilomita. Akaniuliza langu lina shida gani. Nikamweleza, na maelezo yakavuta mtu wa tatu, na wa nne, mpaka mkuu wa karakana akatoka kuona wanaongea nini pale.

Huyo bwana alichukua namba ya chesesi akaingia nayo ndani. Aliporudi alisema mambo matatu. Gari limo kwenye wito. Kipuri hakipo nchini na kitaagizwa kwa jina la gari hili. Gharama ni ya kiwanda, mimi silipi kitu. Kisha akauliza: "Mbele huwa anakaa nani?" Nikamwambia Mama. "Asikae tena mpaka tumalize." Nikamwambia ameshahamia nyuma. Akaandika hilo kwenye fomu yake, pembeni, kwa mkono.

Amehitaji nakala ya kadi na ya hati ya Japani. Mashine yao ya nakala ilikuwa na hitilafu. Nimevuka barabara hadi stationari, wino wao ulikuwa unakaribia kuisha na nakala ikatoka na mstari mweupe juu ya namba ya chesesi. Nimeiandika kwa kalamu. Yule bwana kaikagua na hati halisi, tarakimu moja moja, akagonga muhuri.

Jumatano

Dukani leo nilikuwa napanga dawa nikafungua kopo la vidonge, kile kipakiti cha kukaushia kikadondoka mezani. Wateja hukiuliza kila mara kama kinaliwa. Kazi yake ni kunywa unyevu ili vidonge vikae salama mpaka tarehe ya mwisho. Bila hicho, katika hewa hii ya pwani, vidonge vingine vinalainika, vinabadilika rangi, na tunavitupa.

Inflata za Takata zinazoitwa, nyingi hazina kitu cha namna hiyo ndani. Vidonge vya kemikali inayopenda maji vilifungiwa kwenye chuma bila kikaushio, halafu vikatumwa kuishi popote gari litakapokwenda. Uchunguzi uliofanyika Marekani ulikuta hatari kubwa zaidi iko kwenye magari ya zamani yaliyokaa miaka mingi sehemu zenye joto na unyevu: Florida, Texas, Hawaii, Puerto Rico. Malesia nako watu wamekufa. Mdogo wangu alipewa kipaumbele kwa sababu Houston ina joto la unyevu. Nimetazama nje ya duka. Magari yameegeshwa juani toka asubuhi, vioo vimefungwa, bahari iko jirani, mvua za masika zinakuja na kukatika. Hali ya hewa iliyowatia hofu kule ndiyo hali ya hewa yetu.

Jambo jingine lililonijia dukani. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ikitangaza kurudishwa kwa toleo fulani la dawa, taarifa inakuja na namba ya toleo. Naiangalia kwenye rafu, nikiikuta naiweka kando na kuirudisha kwa aliyetuuzia, naye anairudisha kwa wake. Hakuna anayeniambia "dawa hii hukununua kwangu mwaka ule". Namba ya toleo ndiyo inayozungumza. Gari nalo lina namba, imechongwa kwenye chuma. Linapofika bandarini namba hiyo inasomwa kwa ajili ya ushuru. Kuisoma mara moja zaidi kwa ajili ya wito kungechukua dakika chache, na mnunuzi angejua kabla ya kutoa fedha.

Mteja kasubiri nilipokuwa nawaza haya. Nimempa chenji pungufu, akarudi, nikamwongezea.

Ijumaa

Mama amezoea nyuma. Kiti cha mbele bado kimekwama. Watoto wamekifanya mahali pa kuweka mabegi ya shule, nimewakataza kuweka kitu chochote juu ya dashibodi.

Jumanne

Wakala alipiga simu asubuhi. Simu ilikuwa kwenye chaji chumba cha nyuma. Nilipopiga mimi ikapokelewa na mtu wa vipuri, akaniunganisha karakana, ikakatika. Nimepiga tena, yule yule, akaniunganisha tena. Kipuri kimefika. Nimepewa Alhamisi.

Alhamisi

Mvua imenyesha usiku kucha. Njia ya kutokea mtaani imejaa maji, nimezungukia upande wa pili, foleni ya Chang'ombe haikusogea. Nilifika zamu yangu imepita. Mkuu wa karakana akasema liingie tu, kipuri kina jina la gari hili na hakuna mwingine anayeweza kukitumia.

Nimeomba kusimama nje ya mstari wa njano niangalie, wameniruhusu.

Fundi wa humo ni binti mdogo kuliko nilivyotarajia. Alifungua waya hasi wa betri, akaufunga kitambaa, akaangalia saa yake akasubiri. Nilimuuliza anasubiri nini. Mfumo huu hubakiza umeme kwa muda hata betri ikifunguliwa, ili mfuko uweze kufanya kazi kama ajali imeikata betri. Hagusi soketi mpaka umeme huo umekwisha. Kabla ya kuingiza mkono alishika bodi ya gari, chuma kitupu, ili umeme tuli wa mwilini mwake ushuke. Kisha alitoa kisanduku cha mbele ya abiria, akachomoa soketi ya njano, akalegeza boliti, na kopo likatoka na mfuko wake. Alilibeba likiwa mbali na kifua, akaliweka mezani upande wa mfuko ukitazama juu. Uso wa chini ukitazama juu, alisema, likilipuka linaruka lenyewe hadi dari.

Niliomba kuliona kwa karibu. Ni kopo la chuma la kawaida, jepesi kuliko jina lake, na karatasi ya namba iliyobadilika rangi kuwa ya chai. Kwa nje halina kutu, halina ufa, halina harufu. Aliandika namba ya zamani na mpya kwenye fomu, la zamani likaingia kwenye boksi lililotoka na jipya, na boksi likafungwa ili lirudishwe. Haliuzwi, halitupwi jalalani, na fundi haruhusiwi kumpa mtu.

Wakati wa kurudisha kisanduku, klipu moja ikakatika. Plastiki ya mwaka 2005 haina tena unyumbufu. Alisikitika kweli, akatafuta klipu nyingine kwenye droo ya vipuri, hazikulingana. Kisanduku kinafunga, ila kinahitaji kusukumwa na goti. Alitazama pia kile kiti kilichokwama, akatoa sarafu iliyokuwa imejibana kwenye reli. Kikarudi.

Bili imeandikwa sifuri. Kwenye nguzo ya mlango, chini ya stika ya vioo, kuna stika ya pili.

Redio haikuwa kazi yao.

Jumamosi

Tangu jana daftari langu linajaa namba za watu. Nimeanza na wateja wa dukani wenye mitumba ya Japani ya miaka ile. Wakisubiri dawa, nawaomba kadi ya gari. Wengi wanashtuka wakidhani nauza bima. Mmoja kadi yake ina namba isiyofanana na iliyo kwenye bati, hilo ni jambo lake la kupeleka Mamlaka ya Mapato, TRA. Mwingine gari lake lilishafanyiwa Japani, limo kwenye ukurasa, na stika anayo. Kaondoka na picha ya ukurasa. Fundi wangu naye ameniletea namba za magari mawili yaliyo gerejini kwake, na ameuliza kama yule binti anaweza kumwonyesha namna ya kusubiri umeme uishe. Nimempa jina la mkuu wa karakana.

Namba moja imekubali. Ni ya kijana wa teksi ya mtandao, upande wa abiria, haijarekebishwa. Abiria wake wengi hupenda kukaa mbele. Nilimpigia simu, ilikuwa imezimwa; yuko safari ya Morogoro. Nimemtumia ujumbe wenye picha.

Amejibu saa nne usiku: "Shingapi hiyo, Mama?"

Nimemwandikia kwamba ni bure, analipa kiwanda. Akauliza itachukua siku ngapi bila gari, maana hesabu ya mwenye gari ni kila Jumapili. Nimemjibu kuwa kuagiza kipuri kunachukua muda lakini anaendelea kutumia gari, kufunga ni kazi ya siku moja, na mpaka siku hiyo asipakie mtu mbele hata kama mvua inanyesha na nyuma kumejaa. Amesema sawa, atamweleza na mwenye gari. Jumatatu saa mbili asubuhi tunakutana kwa wakala. Nimemwambia aje na kadi ya gari na hati ya Japani, na nakala atoe mapema, kwenye stationari yenye wino.